Chikungunya ya Lamu na mapipa yetu

Yaani watu wakisikia mlipuko wa ugonjwa wa mbu wanafikiria mvua na mafuriko, lakini ile chikungunya (homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, inayoacha maumivu makali ya viungo) ya Lamu 2004 ilikuja wakati wa ukame, kila nyumba imejaza maji kwenye mapipa, mitungi na madebe, mengine hayana hata kifuniko, na yule mbu wa Aedes anapenda maji kama hayo hasa, tena anauma mchana kweupe kwa hiyo chandarua cha usiku hakikusaidii sana. Watafiti walivyopima damu wakakuta kama asilimia 75 ya watu walishaambukizwa, robo tatu jamani! Bibi yetu mpaka leo akishuka ngazi anashika ukuta na kuilaumu ile homa (mi nahisi na uzee upo lakini nani atamwambia).

Halafu virusi vikaenda Mombasa, Komoro 2005, kisiwa cha Réunion, mpaka India, na huko Réunion vikabadilika kidogo vikamzoea mbu mwingine, Aedes albopictus, ndo vikashika kasi.

Hebu chungulia pipa lako, ukiona vidudu vinajinyonganyonga hivyo ni viluwiluwi vya mbu, mwaga, na usugue kuta za ndani maana mayai yanaganda pale na yanastahimili ukavu miezi.