Harufu ya chuma viganjani

Juzi jioni binti yangu aliruka kutoka kwenye bembea, akaja mbio na viganja wazi. "Mama, hebu nusa. Mikono inanuka hela." Bembea za pale zimening'inizwa kwa minyororo, naye alikuwa ameing'ang'ania tangu saa kumi. Nikainama, nikanusa. Kilikuwa chuma, chuma kilicholowa jasho. Papo hapo nikajikuta Shikoku, kisiwa cha Japani, nimeshikilia mwamba wa mlima Ishizuchi.

Nilisoma Matsuyama, mji wa kisiwa hicho, nikiishi kwa bibi mmoja mwenye nyumba. Mlima ndio sijawahi kuusimulia.

Ukitaja mlima na Japani, kila mtu anasema Fuji. Ishizuchi una mita 1,982, umezidi nusu ya Fuji kidogo tu, lakini magharibi yote ya Japani hakuna mlima uliouzidi. Ni mlima wa ibada tangu zamani sana, na mahujaji wake huupanda kwa minyororo ya chuma iliyoteremshwa kwenye miamba. Kuna mnyororo wa majaribio, mita 74. Halafu wa kwanza, mita 33, wa pili 65, na wa tatu 68, huo unaokufikisha kileleni. Kila mnyororo una njia ya pembeni ya kuuzunguka. Hakuna anayemlazimisha mtu.

Bibi alizaliwa Saijo, mji ulioko miguuni pa mlima, ambako maji matamu hububujika yenyewe kutoka ardhini. Baba yake na kaka zake walikuwa wakipanda tarehe 1 Julai, siku mlima unapofunguliwa kwa sherehe. Siku hiyo wanawake hawaruhusiwi kupanda, na mpaka leo hawaruhusiwi. Yeye alikuwa anaamka alfajiri kuwafungia matonge ya wali, kisha anasimama mlangoni kuwatazama wakiondoka na nguo zao nyeupe. Alipofika miaka 20 akaenda mwenyewe, mwezi wa Oktoba. Akapanda wa kwanza, akapanda wa pili, na katikati ya wa tatu mvua ikamrudisha chini. Kisa hiki alinisimulia mara nyingi jikoni kwake, na kila mara aliishia palepale, kwenye mvua.

Mwaka niliokuwa namaliza masomo akaniambia, "Twende. Magoti yangu yatafika hekalu la Joju. Huko juu utanipandia wewe."

Nikamjibu, "Nitakupandia, Bibi. Yote."

Tulishika treni mpaka Iyo-Saijo, basi karibu saa nzima, halafu gari la waya likatupandisha hadi mita 1,300. Kutoka hapo tulitembea polepole, ameshika mkono wangu, mpaka hekalu la Joju. Akakaa kwenye benchi na chupa yake ya chai. Nikamwacha hapo.

Njia baada ya Joju inaanza kwa kuteremka, nawe ulikuja kupanda, inavunja moyo. Kisha ni msitu wa miti mikubwa ambayo Wajapani huiita buna, majani yamegeuka njano, na ngazi za magogo zisizokwisha. Watu wanaoshuka walikuwa wakinisalimu, "Onobori-san," yaani wewe unayepanda. Mnyororo wa majaribio niliumaliza, wa kwanza nikaupita bila shida. Nimekulia Lushoto, nikadhani milima tunajuana.

Wa pili ndio ulionishika.

Pingili zake ni nene, na sehemu nyingine zimefungwa pembetatu za chuma za kukanyagia, kama kikuku cha kukanyagia cha mpanda farasi. Ukungu ulikuwa umelowesha kila kitu. Nilipofika kama nusu, mguu wa kulia ulichomoka kwenye pembetatu. Mwili wote ukazunguka, goti likagonga mwamba, na mnyororo ukalia kutoka kwangu hadi juu kabisa. Sikupiga kelele. Sauti haikuwepo.

Mbele ya pua yangu kulikuwa na pingili moja. Upande wa nje ilikuwa ya kahawia, ina kutu kama unga. Upande wa ndani ilikuwa imelika, laini, inang'aa kwa mikono ya watu waliopita. Chini yake tone la maji lilikuwa linajikusanya. Likanenepa, likatikisika, likaanguka. Jingine likaanza. Nikayahesabu. Nyuma yangu mzee mmoja aliyekuwa akingoja alisema taratibu, "Yukkuri, yukkuri," polepole, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Tone la kumi na moja lilipoanguka, nikaurudisha mguu kwenye pembetatu. Nilimaliza zile mita zilizobaki sijui vipi.

Chini ya wa tatu nilisimama. Niliushika kwa mikono miwili, nikaukaza. Ulikuwa baridi sana. Miguu ilikuwa inatetemeka na haikutaka kunisikiliza. Mama mmoja akanipita na mwanawe wa miaka kama kumi, wakapanda. Niliendelea kuushika kwa muda mrefu, nikimfikiria Bibi na mvua yake. Kisha nikauachia, nikapita ngazi za pembeni.

Kileleni, panapoitwa Misen, kuna hekalu dogo. Mbele yake mwamba wa Tengu umechongoka, majani mekundu yameushika ubavuni. Ilikuwa nzuri, na sikuweza kuitazama sawasawa.

Nilipokaribia Joju, Bibi aliniona kwa mbali akasimama. Sikuwa hata nimefungua mdomo. Alinishika mikono yote miwili, akaipandisha mpaka puani, akanusa. Akafumba macho.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, Bibi."

Alinishika mikono ile ndani ya gari la waya, na ndani ya basi, mpaka Saijo. Hakuniuliza zaidi. Nami sikusema.

Kila mwaka mpya hunitumia kadi, na kila mara namjibu. Nimewahi kuianza sentensi ile mara kadhaa, nikaikata. Wakati mwingine najiambia wa tatu niliushika kweli, harufu yake nayo ilikuwamo viganjani, na aliyenusa alikuwa na haki ya kufurahi. Wakati mwingine nakosa usingizi. Kadi ya mwaka huu imeandikwa kwa mkono wa mwanawe. Wa Bibi umeandika neno moja tu pembeni, herufi zimeyumba: Ishizuchi.

"Mama," binti yangu akanivuta, "mbona umenyamaza? Na wewe ulikuwa unabembea?"

"Hapana. Nilipanda mlima. Ulikuwa na minyororo."

"Yote ulipanda?"

Nilikuwa bado nimevishika viganja vyake.