Msinichunguze

Wapendwa, Bwana asifiwe. Juma hili nimekaa na Wimbo Ulio Bora 1:5-6, na kilichonipeleka huko ni binti mmoja wa darasa langu la vijana hapa Kayole, Nairobi.

Mwezi uliopita nilimsifu mlangoni mwa kanisa: "Siku hizi unang'aa!" Akatabasamu. Wiki mbili baadaye alinijia analia, mashavu yamechubuka. Ni krimu ya kujichubua kutoka River Road, mtaa wa maduka mjini, kopo halina hata maandishi ya kilichomo. Baadhi ya krimu za namna hiyo zina zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na huharibu figo. Aliniambia kwamba baada ya kusikia sifa yangu, alianza kujipaka mara mbili kwa siku.

Mlango huohuo ndipo tunapoweka leso, yaani kanga, za kuwafunga wasichana waliokuja na sketi tuliyoiona fupi. Nimezigawa kwa mkono wangu miaka mingi. Hakuna mvulana aliyewahi kupewa.

Sasa msikilizeni binti wa Wimbo: "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Kiunganishi hicho cha Kiebrania kilichowekwa "lakini" chaweza pia kusomwa "na": mweusi, na mzuri. Halafu anawaambia binti za Yerusalemu, "Msinichunguze." Jua limemuunguza kwa sababu ndugu zake walimkasirikia wakamweka alinde mashamba ya mizabibu. Amefanyishwa kazi, kisha alama za kazi hiyo zikahesabiwa kasoro yake! Mama anayeuza sukuma juani kutwa nzima anamwelewa vizuri sana. Wala binti huyu haombi radhi. Anawakemea wanaomtazama.

Msichana wetu akithubutu kusema hivyo kanisani, twamwambia ameleta mambo ya Beijing. Nami nimelitumia neno hilo. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulikuwa Beijing mwaka 1995, ila uliotangulia, wa 1985, ulifanyika hapahapa Nairobi, kwenye jumba la mikutano la KICC. Tunayoyaita ya kigeni yalizungumzwa safari ya matatu moja kutoka nyumbani kwetu.

Tena Novemba 2014, wanaume walimvua mwanamke nguo hadharani kwenye steji ya matatu, hapa mjini, wakidai hakuvaa kwa heshima. Wanawake wakaandamana. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la kifungo kisichopungua miaka 10. Wale wanaume walisema wanalinda maadili. Jumapili nikiwa nakunja leso nililikumbuka hilo, mikono ikaniishia nguvu. Leso haiwezi kulinganishwa na ukatili ule, najua. Lakini jicho linalomkagua msichana kabla mdomo haujamsalimu, hilo nalifahamu, maana ni langu. Ndilo lililomfunga mmoja leso na kumsifu mwingine kwa kujichubua.

Binti anaendelea kutibiwa ngozi. Nimemwomba msamaha mbele ya mama yake, naye akanyamaza muda mrefu kabla ya kunipa mkono.

Wazee wa kanisa wanaketi Jumatano, na nimeomba nafasi ya kuzungumzia zile leso. Niombeeni niyaseme mbele yao haya niliyowaandikia ninyi.