Mradi wa besi nne: sasa napanga muda

Mara ya mwisho niliishia maboksi yote manne yakiwa yamefungwa, yamepakwa rangi nyeusi na kupangwa ukutani kwa fundi seremala pale Magomeni, Mtwara. Nilidhani nimemaliza. Kumbe kukata plaiwudi ya milimita 18 ndiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Kwa mgeni: ni besi za inchi 18, moja kila boksi, zenye tundu la hewa mbele, za kupigia harusi na matamasha madogo ya uwanjani. Msimu wa korosho ukifunguka Oktoba watu wa huku wanakuwa na hela na shughuli haziishi, kwa hiyo muziki lazima uwe tayari kabla ya hapo.

Kilichonichukua siku nzima ni kujua boksi linaimba wapi. Boksi lenye tundu ni sawa na chupa ya soda: ukiipuliza mdomoni inatoa mlio wake mmoja, hata uibembeleze vipi. Mjerumani Helmholtz aliyachambua haya karne ya 19, na mwaka 1961 Thiele wa Australia akayatolea hesabu za maboksi ya spika. Hesabu yangu ilisema 36 Hz, yaani mitetemo 36 kwa sekunde. Ili nihakiki, nikabandika kipande cha kanga kuukuu juu ya tundu, nikaunganisha simu yenye programu ya kutoa mlio mmoja, sauti ndogo, nikaanzia 60 Hz nikishuka taratibu. Kadiri nilivyoshuka kanga ikazidi kupepea na koni, ile sehemu ya spika inayocheza, ikazidi kutulia. Kwenye 39 Hz koni ilikuwa kama imelala. Nikaigusa kwa ncha ya kidole, mtikisiko mdogo tu, wakati kanga inapigwa na upepo kama iko kwenye kamba ya nguo. Huo ndio mlio wa boksi langu: 39, si 36. Unene wa mataruma ya ndani, zile mbao za kuimarisha boksi, sikuutoa kwenye ujazo, kosa ni langu.

Nikashuka hadi 30. Hapo koni ikaanza kuruka mbele na nyuma kwa fujo, na sauti yenyewe huisikii. Chini ya mlio wa tundu hewa ya ndani haiishiki koni tena, inaachwa ijirushe yenyewe, na besi nyingi hupasukia hapo huku mpigaji akiongeza sauti kwa sababu hasikii kitu. Nimeweka kichujio kinachokata kila kitu chini ya 34 Hz, mteremko wa desibeli 24 kwa oktava, yaani mlio ukishuka hadi nusu unapunguzwa desibeli 24. Anayetaka 25 Hz akajenge boksi kubwa kuliko haya.

Limita, kile kizuizi cha sauti isipite uwezo wa spika, nimeimaliza haraka. Besi yangu ni wati 600 kwa omu 8. Zidisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti 69. Nikachomoa spika, nikapitisha mlio wa 50 Hz, nikaweka mita ya kawaida ya fundi umeme kwenye matokeo ya amplifaya, nikashusha limita mpaka mita ikagoma kupita 69. Mwaka jana niliunguza koili moja kwa uvivu wa kutofanya kazi hii ya dakika kumi. Harufu ile ya vanishi iliyoungua siisahau.

Sasa kwenye kilichonitoa jasho. Besi ziko chini katikati, topu, yaani spika za sauti za juu ya besi, ziko kwenye stendi pembeni, mita 2 nyuma ya mstari wa besi. Prosesa, kifaa cha kugawa na kuchelewesha sauti, ni Behringer DCX2496 niliyoinunua mkononi, ina njia sita za kutokea na zinanitosha. Nikaigawa sauti kwenye 90 Hz kwa kichujio cha aina ya Linkwitz-Riley, kwa sababu pande mbili zikifika pamoja pale kwenye mpaka zinajumlishana bila kilima wala shimo. Zikifika pamoja.

Nikapima kwa tepu. Vitabu vingi vinataja kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, lakini hiyo ni ya nyuzi 20. Kwa joto letu la nyuzi 30 ni mita 349 hivi. Mita 2 ni milisekunde 5.7. Nikachelewesha besi kiasi hicho, nikapiga singeli, mdundo ukatoka mwembamba kuliko wakati sijagusa kitu! Nikaongeza sauti ya besi. Nikaongeza tena. Mtetemo umejaa uwanja mzima, ila teke la ngoma halipo.

Tepu inapima umbali tu. Kila kichujio na kila boksi lenye tundu huzungusha fazi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake, kwa namna yake, na hayo tepu haiyaoni. Mzunguko mmoja wa 90 Hz ni milisekunde 11. Ukikosea tano na nusu, topu inasukuma hewa wakati besi inaivuta, na hapo hata ungeongeza besi nyingine nne ungekuwa unaongeza ugomvi.

Nilichofanya: maikrofoni ya kupimia nikaisimamisha mbele, mita 12. Nikageuza plasi na mainasi ya besi ndani ya prosesa makusudi, nikapiga 90 Hz, kisha nikasogeza muda kidogo kidogo nikitafuta pale sauti inapokufa. Kukisikia kimya ni rahisi kuliko kusikia sauti iliyozidi kidogo. Kwenye milisekunde 8.2 mlio ulizama karibu wote. Nikarudisha plasi na mainasi mahali pake, teke likaja kifuani. Tahadhari: mlio mmoja unadanganya, unaweza kujikuta umekosea mzunguko mzima. Rudia kwa 75 na 105 Hz.

Furaha haikumaliza saa moja. Nyuma ya kiwanja anakaa bibi mmoja. Akatoka na khanga yake kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu, vikombe vyangu kabatini vinacheza sindimba peke yao. Wewe unapiga huko mbele, mimi nyuma umenilenga nini?"

Ana haki. Wimbi la 60 Hz lina urefu wa karibu mita 6, boksi halina ubavu wa kulizuia, linazunguka nyuma kama moshi. Kwa hiyo nikauvunja mpangilio wote. Boksi mbili mbele, mbili nyuma yake kwa mita 1.4, zote zikitazama watu, na zile za mbele nikazichelewesha milisekunde 4. Sauti ya nyuma ikifika kwenye za mbele inakuta ndiyo kwanza zinaanza, zinakwenda pamoja. Upande wa bibi za mbele zinafika zimechelewa milisekunde 8, yaani nusu mzunguko kwenye 62 Hz, zinafutana. Maikrofoni nikaipeleka barazani kwake: desibeli 9 pungufu kwenye 60 Hz. Kwenye 40 upungufu ni mdogo zaidi, huko umbali wa mita 1.4 hautoshi. Na usijaribu mpango huu mgongo ukiwa umeegemea ukuta, ukuta unakurudishia ulichokifuta.

Bibi alisema kikombe kimoja bado kinalia. Nimekubali.

Kulinganisha na topu ikabidi nianze upya, maana muda wote umebadilika. Leo nimefika nusu. Nimesimama kwa sababu boksi namba tatu linapuliza "fyuu" kwenye kona ya chini kila nikifika 45 Hz. Nimelifungua, nimeona uwazi wa kupitisha ukucha, nimemimina gundi na kulibana kwa vibano viwili. Kesho jioni nalijaribu tena kwa kanga.