Tiketi ilisoma masaa manane, mama akakaa angani 15

Mwaka jana dadangu alijifungua New York, mama akasema lazima aende akamlee mzazi mpaka arubaini ishe, na mimi ndo nkapewa kazi ya tiketi. Sasa mama akavaa miwani akaisoma, kutoka Nairobi 23:25 kufika 07:25, akahesabu kwa vidole saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, akasema aa, masaa manane tu, kumbe ni kama basi la Mombasa mpaka Nairobi.

Nkacheka, lakini wallahi hata mimi mara ya kwanza nlihesabu hivyo hivyo. Manake ile 07:25 ni saa ya kule, na mwezi wa nane New York iko nyuma yetu masaa saba (baridi ikiingia wanarudisha saa zao yanakuwa manane, sisi zetu haziguswi). Wao ikiwa saa moja na dakika 25 asubuhi, Mombasa ni saa nane na dakika 25 mchana, kwa hivyo ni masaa 15 kwenye kiti, na hapo ni ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways iloanza Oktoba 2018. Karibu kilomita 11,800, ongeza 420 hivi za Mombasa mpaka Nairobi. Nkamwambia mama ni kama kwenda Nairobi kwa barabara mara 25, akanyamaza.

Mimi kilonisumbua si kilomita, ni dawa. Mama anameza ya presha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Tukamuuliza daktari wake, akasema njiani afuate saa ya nyumbani, akifika watampangia upya. Basi nkamfunga saa yake ya mkononi, nkamwambia mama hii usiiguse hata rubani atangaze nini, na dawa ziko kwa mkoba, si kwa sanduku.

Tulitoka Likoni saa nane mchana, feri ikatuweka, Changamwe jam, nkaona tutaachwa, lakini uwanja wa ndege, kule Port Reitz, tukafika. Ukihesabu toka mlangoni ni masaa 24 na ushei mpaka ndege ikatua kule, hapo bado foleni ya uhamiaji.

Kesho yake akanipigia. "Mwanangu, saa yasema saa mbili asubuhi, nafungua dirisha giza tupu, watu wakoroma, nkajua saa imekufa, nkaitikisa!" Nkamweleza ndege ikienda magharibi inakimbizana na usiku, ndo mana haukuchi upesi. Dawa alikuwa ashameza lakini.

Kurudi ni kama masaa 14, upepo wa huko juu wavuma kuja mashariki unaisukuma ndege.

Ile saa hakuibadilisha mpaka arubaini ikaisha, ati ajue Likoni tushaamka. Dadangu akimuuliza saa ngapi, anajibu, "Ya kwenu au ya kwetu?"