Pete 98 za mninga wa Handeni

Agosti 2009 nilikuwa Handeni, kwenye kijiji ambacho kamati yake ya maliasili ilikuwa inaandaa mpango wa uvunaji wa msitu wa kijiji. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia kuuandika. Kwenye rasimu nilishaweka kwa mkono wangu kwamba mninga ukikatwa kwenye kitalu kimoja, tutarudi kukata hapohapo baada ya miaka 20. Namba hiyo sikuipima popote. Niliikuta kwenye makaratasi ya kazi nyingine, nikainakili.

Mzee aliyenipokea kwake alikuwa ameangusha mtiki nyuma ya nyumba, apate mbao za kumjengea mwanawe. Nilipoona kisiki, na pete zake, ile mistari ya duara ndani ya mbao, zilivyojichora, nikamwambia naweza kumtajia umri wa mti.

“Haya binti, hesabu.”

Nikapiga msasa, nikamwagia maji, nikaanza kuchomeka pini kutoka kwenye gome kwenda kwenye kiini. Nikapata 55.

Mzee akatikisa kichwa. “Huu nimeupanda mwenyewe, vuli ya Uhuru, ile ya mafuriko. Mche aliniletea shemeji yangu kutoka Muheza. Rudia hesabu yako, mwanangu.”

Kutoka vuli ya 1961 hadi siku ile ilikuwa misimu 48. Nilikuwa nimezidisha saba, na mwenye mti amesimama mbele yangu.

Nililala nikiwaza, alfajiri nikarudi kisikini na lenzi. Mti huweka pete pale unapoacha kukua. Kwenye nchi za baridi husimamishwa na majira ya baridi, ndiyo maana kwa muda mrefu wengi waliamini miti ya joto haina pete za kuhesabika. Lakini kiangazi nacho husimamisha. Mtiki hupukutisha majani, mninga vilevile, na mvua ikirudi mti unaanza mbao mpya. Zimbabwe, ambako kuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, watafiti walishaonyesha kwamba mninga huweka pete moja kila mwaka. Sisi mkoani Tanga tuna vuli na masika, na katikati yake kuna ukavu wa Januari na Februari. Ukavu huo ukiwa mkali, mti husita kidogo, unaacha mstari unaofanana na pete, ila mara nyingi haufungi duara.

Basi nikaufuata kila mstari kwa ncha ya wembe kuzunguka kisiki kizima. Saba kati yake zilififia njiani, hazikukutana. Nikabaki na 48. Nikazirudia. Moja ya mwanzoni kabisa nayo ilikuwa kipande tu, haikufunga. Zikawa 47. Mzee akalieleza hilo kabla yangu: kisiki kilikatwa kimo cha goti, na mwaka wa kwanza mche ulikuwa haujafika gotini. Nilifurahi kama mtoto.

Saa nne tukaingia msituni na wajumbe watano. Kulikuwa na visiki sita vya mninga, wapasuaji walivikata mwezi uleule bila kibali. Utomvu wake mwekundu ulikuwa umegandia ubavuni mwa magome kama damu. Tulichagua kisiki kimoja kipana cha rula na nusu, sentimita 45, tukakihesabu kwa pini za katibu na miiba ya mgunga pini zilipokwisha. Mistari isiyofunga tuliiacha. Pete ya 48 kutoka kwenye gome ilikuwa nene kuliko jirani zake zote. Mzee akaigusa. “Vuli ya Uhuru,” akasema. Mtiki wake ulikuwa mche mdogo, lakini huu ulikuwapo, ulikunywa mafuriko yale.

Tulifika kwenye kiini na pete 98.

“Huyu aliwakuta Wajerumani,” mjumbe mmoja akasema, na hakuna aliyeongeza neno kwa muda.

Kilichonishtua mimi kilikuwa kingine. Miti inayosubiri zamu yake kwenye msitu ule mingi ina upana wa rula moja, sentimita 30. Nikapima kwenye kisiki: kutoka upana huo hadi 45 palikuwa na pete 37. Kwenye visiki vingine vitano tulipata kati ya 31 na 44. Na mimi nilikuwa nimewaandikia 20. Wangerudi baada ya miaka hiyo wakute mininga bado myembamba, na kwa kuwa mpango unawaruhusu, wangeikata hivyohivyo. Wazo hilo lilinikaba koo.

Nikawaambia palepale kwamba namba ile niliinakili. Katibu akafungua rasimu juu ya goti, akaikata kwa kalamu. Wakabishana hadi adhuhuri, maana kijana mmoja alitaka 30, kijiji kinahitaji madawati na zahanati, na hoja yake ilikuwa ya kweli. Mzee alishikilia 40, na miti ya mbegu isiguswe. Ikaandikwa 40.

Tulipoinuka, Mzee alibaki anachomoa miiba ya mgunga, mmoja mmoja. Ule wa pete ya 48 aliuacha.