Mavi ya chuma

Leo siku ya sita ya kuchimba mabaki ya kale, na mgongo unanidai zote sita. Tuko kwenye shamba la minazi, kusini ya Tanga mjini. Mwenye shamba anajua tangu utotoni kwamba hapa jembe hulia likipiga chini. Kinacholiliza ndicho tunachokitafuta: mavi ya chuma.

Msicheke, ndilo jina lake. Kwenye tanuri la kale chuma hakikuyeyuka kikawa maji; kilibaki donge, na taka zake ndizo zilizotiririka zikaganda: nyeusi, nzito, zina vitundu kama mkate wa mofa.

Asubuhi nimetoa kipande cha kewa, ule mrija wa udongo unaopitisha upepo wa mvukuto kwenda motoni. Ncha moja imeungua ikang'aa kama chupa ya kijani. Ya pili bado nyekundu, utadhani chungu cha juzi. Katikati, kiganja kimoja tu. Mvukutaji alikaa upande huu mwekundu.

Vigae vilivyokuwa karibu vina michoro ya pembetatu, ile ya karne ya 7 hadi ya 10. Baadaye, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alipokamilisha kitabu chake, alieleza kuwa chuma ndicho faida kubwa ya watu wa Malindi. Faida kaiandika. Mvukutaji hata mmoja hakumtaja.

Wayeyushaji wengi wa Afrika walikuwa na miiko yao, mojawapo kutolala na wake zao siku za kazi. Mwiko ninao mkononi, nakwangulia udongo. Ile yao haikwanguliki.

Babu anayechekecha nasi aliwahi kuchoma mkaa. Kalitazama lile rundo letu, akaniuliza, "Mavi mnayapima kwa mizani. Na mkaa je, nani aliukata?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Mimi tanuri moja silali wiki. Moshi ukigeuka buluu, ziba upesi. Ukisinzia, unavuna jivu."

Siku zote sita nimekuwa nikimuwaza mhunzi peke yake, na nyundo yake. Wenye shoka na macho mekundu ya moshi hawakunijia kabisa.

Jioni msimamizi kajaza fomu: jina lake, namba ya shimo, kisha "vibarua 4". Babu akauliza pameandikwa nini, nikamsomea.

"Haya," akasema, akakung'uta chekeche.