Poti zilizoachwa wazi Shela

Wiki iliyopita mwenye nyumba moja ya wageni hapa Shela, Lamu, aliniita kwa sababu Wi-Fi inakatika. Tatizo lilikuwa adapta ya ruta, imeliwa na chumvi, nikaibadilisha. Lakini mimi ruta siiachi bila kuifungua nikaona imepangwaje.

Fundi aliyenitangulia alimwombea mzee IP ya kudumu, yaani anwani ya intaneti isiyobadilika, ili aone kamera zake akiwa Mombasa. Kisha kwenye ruta akafungua poti (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) ya mashine inayorekodi kamera, na poti 3389, ya kuendeshea kompyuta ya Windows kutoka mbali, ili mhasibu afanyie kazi nyumbani. Zote mbili wazi kwa intaneti nzima. Kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za kompyuta ya mhasibu nikakuta watu wanajaribu kuingia usiku kucha: admin, administrator, test, admin tena. Si watu hasa, ni programu zinazopita kwenye anwani za dunia nzima.

"Mwanangu, mimi nani aje anitafute Shela?" mzee akaniuliza kwenye simu.

Hatafutwi yeye. Rekoda yake ilikuwa bado na paswedi ya kiwandani, na vifaa vya aina hiyo ndivyo programu hasidi ya Mirai ilivyovikusanya mwaka 2016 kwa orodha ya majina na paswedi zaidi kidogo ya 60 tu. Oktoba ile vikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, hata Twitter ikawa haifunguki kwa watu wengi.

Nikabadilisha paswedi, nikafunga poti. Kuwasha rekoda upya, poti ikafunguka yenyewe! Kumbe UPnP iko hewani: kifaa cha ndani kinaiomba ruta njia, nayo inakipa bila kuuliza mtu. Nikaizima. Sasa mzee na mhasibu wanaingia kwa VPN, njia iliyofichwa ya kufika ndani ya mtandao, mzee akilalamika kwamba ni kubonyeza mara mbili.

Wageni nao walikuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, paswedi imebandikwa mapokezi. Nyumba zetu za Kiamu zina daka, kibaraza cha mlangoni, mgeni akakaa akapumzika bila kuona ndani. Nikawatengea mtandao wao hivyo hivyo, unafika intaneti, haufiki kwenye kamera wala hesabu. Mafundi wengi hulinda upande wa nje tu, wakasahau simu yenye virusi inayoingia na mwenyewe mkobani.

Kompyuta ya mhasibu ni Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Mzee anasema atanunua nyingine msimu ukianza. Kwa sasa nimeizuia isitoke intaneti kabisa, na mhasibu ameninunia kwa sababu ya YouTube.